Gumba na Shahada: Etidi ya Gitaa Inatungwaje?

Kijana alifika kwangu Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, saa kumi jioni, gitaa limefungwa mgongoni kwa kitenge cha mama yake, mkononi ana karatasi moja ya fotokopi iliyokunjwa mara nne. Aliitandaza mezani, akainyoosha kwa kiganja, akauliza: "Papa, hii njo mwimbo ao njo mazoezi tu?"

Nikamwambia apige kwanza, tutaongea baadaye.

Akapiga. Gumba likashuka kwenye nyuzi nene kwa nguvu, vidole vingine vikawa vinagusa nyuzi nyembamba polepole, kama mtu anayebisha mlango wa chumba alimolala mtoto. Alipofika chini ya ukurasa aliinua macho. "Sauti inaimba chini," akasema. Ndiyo. Melodi ilikuwa kwenye besi, na zile noti za juu zilizozoea kuimba zilikuwa zimegeuzwa wasindikizaji. Karatasi ile ni etidi ya kwanza kati ya 20 ambazo Leo Brouwer, mtunzi aliyezaliwa Havana mwaka 1939, aliziita kwa Kihispania "rahisi". Shida anayompa mwanafunzi ni moja tu: gumba liimbe, vidole vingine vinyamaze bila kuacha kazi. Jaribu uone kama ni rahisi.

Swali la kijana lina historia ndefu kuliko anavyodhani. Neno etidi tumelipata kwa Wafaransa na maana yake ni somo, kujifunza. Lakini katika muziki wa klasiki kuna vitu viwili vinavyofanana usoni, na watu huvichanganya.

Cha kwanza ni zoezi. Mwitalia Mauro Giuliani alitoa mwaka 1812 mazoezi 120 ya mkono wa kulia. Yote 120 yanatumia akodi mbili tu (akodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja), ya do na ya sol yenye saba, kwenda na kurudi. Mkono wa kushoto umepewa kazi ndogo kwa makusudi, ili akili yote ihamie kulia. Ni dawa nzuri sana, na kama dawa, hakuna anayeinywa mbele ya wageni.

Cha pili ndicho etidi yenyewe. Hapa mtunzi anachukua shida moja ya mkono, kama lile gumba linaloimba, au kuruka kutoka uzi mmoja hadi mwingine, au kuvuta noti mbili kwa pigo moja, kisha anatunga muziki ambao hauwezi kuwepo bila shida hiyo. Ukiondoa shida, wimbo unakufa. Ukiondoa wimbo, inabaki jasho. Fernando Sor, Mhispania wa Barcelona aliyefariki mwaka 1839, aliandika nyingi za namna hiyo, na hadi leo mtu akianza gitaa la klasiki hawezi kumkwepa. Upande wa piano, Mpolandi Chopin alipochapisha etidi zake za opus 10, yaani kazi yake yenye namba kumi, mwaka 1833, kitu hiki kilitoka darasani kikapanda jukwaani: watu walianza kulipa kiingilio kusikiliza masomo ya vidole.

Gitaa lilisubiri karibu miaka mia moja zaidi. Aliyelifanyia kazi hiyo ni Heitor Villa-Lobos wa Rio de Janeiro, mtu aliyekuwa amepiga gitaa na wanamuziki wa mitaani kabla ya kujulikana Paris. Etidi zake 12 alizitunga katika miaka ya 1920 kwa ajili ya mpiga gitaa wa Hispania Andrés Segovia, zikachapishwa mwaka 1953. Ya kwanza inafaa kutazamwa kwa karibu. Mkono wa kulia unapewa mchoro mmoja wa arpejo, yaani noti za akodi zinatawanywa mojamoja badala ya kupigwa pamoja, na karibu kila mezire, yaani kile chumba cha noti kati ya mistari miwili ya wima, inapigwa mara mbili. Katikati, mkono wa kushoto unashika umbo moja juu kwenye shingo ya gitaa, kisha unateremka nalo freti moja moja (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo) bila kubadili kidole hata kimoja, huku nyuzi mbili za pembeni, mi nene na mi nyembamba, zikiendelea kulia wazi. Kwenye piano wazo hilo lisingekuwa na maana yoyote. Limezaliwa kwenye shingo ya gitaa, na linaonekana kupatikana kwa kuteleza mkono, si kwa kukaa na kalamu kufikiria akodi.

Hapo ndipo penye siri ya jambo zima, na nitakaa hapo kidogo.

Mtunzi wa piano akiandika noti, ufunguo wake ni mmoja. Kwenye gitaa, ile noti iitwayo si ya uzi wa pili ukiwa wazi inapatikana pia kwenye uzi wa tatu freti ya 4, uzi wa nne freti ya 9, uzi wa tano freti ya 14, na uzi wa sita freti ya 19. Noti moja, nyumba tano. Kila nyumba ina rangi yake ya sauti: wazi inang'aa na kudumu, kwenye uzi mnene inakuwa nzito na ya kooni. Tena kila nyumba inaamua noti gani nyingine zinawezekana wakati huohuo, kwa sababu vidole vinne vya kushoto, mkono ukitulia mahali pamoja, vinafunika freti kama nne hivi. Akodi inayodai freti ya 1 na freti ya 8 kwa pamoja inaandikika vizuri sana kwenye karatasi, ila hakuna binadamu wa kuishika. Mtunzi Mfaransa Hector Berlioz, ambaye mwenyewe alipiga gitaa, alisema katika miaka ya 1840 kwamba ni karibu muhali kuliandikia chombo hiki vizuri kama hulipigi. Wapo waliojaribu kumpinga kwa njia ya busara. Mtunzi Mwingereza Stephen Dodgson hakuwa mpiga gitaa, akakaa na mpiga gitaa Hector Quine, wakatoa etidi 20 pamoja katika miaka ya 1960.

Kwa hiyo mtunzi wa etidi ya gitaa haanzi na melodi. Anaanza na mkono. Anajiuliza: kidole gani kinafanya nini ambacho hakijazoea? Halafu anatafuta mahali kwenye shingo ambapo nyuzi wazi zinamsaidia, kwa sababu uzi wazi ni kidole cha bure. Kisha anapima urefu, na hapa wengi wanakosea. Nimepitia vitabu vizima vya etidi ambavyo kila kipande kinaendelea hata baada ya shida kueleweka, mwandishi anaona haya kusimama. Brouwer hana haya. Nyingi kati ya zile 20 hazizidi kurasa mbili. Kumi za kwanza alizitoa karibu na mwaka 1960, kumi zilizofuata karibu na 1980, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 akaongeza kumi nyingine, kila moja ikimpa heshima mtunzi fulani: Debussy, Stravinsky, Prokofiev, Piazzolla, Villa-Lobos, Sor mwenyewe na wengineo. Anapenda pia kuweka alama za nguvu zilizo mbali sana, sauti kubwa kisha ndogo ghafla, ili mwanafunzi ajifunze kusikia wakati anajifunza kugusa.

Kuna jambo jingine kwa Brouwer ambalo mtu wa Lubumbashi analisikia kabla ya kuelezwa. Piga makofi manane ya haraka, yenye nafasi sawa, na kaza la kwanza, la nne na la saba: PA-ta-ta PA-ta-ta PA-ta. Tatu, tatu, mbili. Wacuba wanauita mdundo huo tresillo, na Brouwer ameupenyeza mara nyingi katika muziki wake ulioandikwa kwa mistari mitano ya Ulaya. Kijana wangu hakuhitaji somo. Mguu wake ulishaanza. Wazee wetu walikuwa wakisikiliza santuri za Cuba tangu kabla ya uhuru, na Cuba yenyewe iliupata mdundo huo kwa watu waliotolewa Afrika kwa minyororo. Sasa unaturudia katika fotokopi.

Basi tuje nyumbani, maana swali lililonisumbua baada ya kijana kuondoka halikuwa la Havana.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka na mashine yake ya kurekodi, alimkuta Jadotville, yaani Likasi ya leo, kijana wa miaka kama 22 akipiga gitaa peke yake. Ni Jean Bosco Mwenda, Mwenda wa Bayeke, aliyefariki mwaka 1990. Alichorekodi siku zile, hasa "Masanga", kilisikika Afrika Mashariki yote na kikavuka bahari. Gitaa moja tu, lakini unasikia kama watu wawili au watatu. Mkono wake wa kulia ulifanya kazi kwa vidole viwili: gumba na shahada, yaani kile kidole kinacholifuata gumba. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtaalamu David Rycroft alikaa na rekodi hizo akazihamisha noti kwa noti kwenye mistari mitano, akazichapisha katika jarida la muziki wa Afrika.

Je, hapo "Masanga" ikawa etidi? Nadhani hapana. Kilichoandikwa ni picha ya mkono wa mtu mmoja siku moja, naye angepiga tofauti kesho yake. Ila shida iliyomo ndani, gumba na shahada vikigombana na kupatana, ndiyo shida tamu ambayo etidi inatakiwa kuanzia. Ajabu ni kwamba Katanga, eneo letu hili la Lubumbashi na Likasi, yenye mkono huu maarufu na yenye desturi ya muziki wa kuandikwa tangu Joseph Kiwele alipotunga misa ya kwaya zetu kabla ya uhuru, mpiga gitaa akitaka etidi bado anaenda kuchukua fotokopi ya Cuba.

Mtu aliyesoma konsevatuari, yaani chuo cha muziki, ataniambia vidole viwili ni ufundi wa zamani, gitaa la klasiki lina vinne. Kweli, limepewa herufi zake kutoka Kihispania: p ni gumba, i ni shahada, m cha kati, a cha pete. Lakini wapiga luti, chombo cha nyuzi cha zamani kinachofanana na gitaa, wa Ulaya wa karne ya 16 walikimbiza melodi zao kwa gumba na shahada kwa kupokezana, na leo wanaofufua muziki huo wanajifunza upya kufanya hivyohivyo. Sababu ni ileile ya Likasi: gumba ni zito, shahada ni jepesi, kwa hiyo kila noti mbili zina mzito na mwepesi bila mpigaji kujilazimisha. Ukipokezana shahada na cha kati, vidole viwili vinavyolingana, unapata mstari laini. Laini ni nzuri. Ila haichezeshi mtu.

Nikaamua kujaribu mwenyewe. Nilichora mistari, nikachagua akodi ya do: kidole cha tatu kwenye uzi wa tano freti ya 3, cha pili kwenye uzi wa nne freti ya 2, cha kwanza kwenye uzi wa pili freti ya 1. Gumba linatembea kati ya uzi wa tano na wa nne, do, mi, do, mi, kama mtu anayekwenda kazini. Shahada inaanguka katikati ya hatua hizo, juu, na noti zake zikiungana zinatoa kimelodi. Nikaandika mapigo manne katika kila mezire, gumba kwenye mapigo, shahada kati ya mapigo. Nilijiona mtunzi kweli.

Kijana alirudi Jumamosi. Akasoma, hakukosa noti hata moja, na ilikuwa imekufa. Nikadhani ni kasi. Tukapunguza, tukaongeza. Bado. Mwishowe akageuza karatasi, akapiga kwa kukumbuka, na ghafla ikaamka. Nikamtazama mguu. Ulikuwa unapiga chini pamoja na shahada. Kwake yeye shahada ndiyo iliyosimama ardhini, na gumba ndilo lililokuwa likiruka kati ya mapigo, wakati mimi kwenye karatasi nilikuwa nimeandika kinyume chake.

Hili ndilo fundo gumu zaidi la mada hii yote, basi tulifungue taratibu. Ule mstari wa wima unaotenganisha mezire hausikiki. Hakuna anayeupiga. Lakini unamwambia msomaji: hapa ndipo chini, kanyaga. Msomaji wa Ulaya amefundishwa kuikaza kidogo noti inayoufuata. Muziki wa kwetu mara nyingi unakataa kusema chini ni wapi, na utamu uko katika kukataa huko. Chukua karanga 12, uzipange mstari mmoja. Kila baada ya mbili, ya tatu isogeze mbele: unapata hatua nne. Sasa zirudishe, na usogeze moja katika kila nne: unapata hatua tatu. Karanga ni zilezile. Fanya zote mbili kwa pamoja, gumba likihesabu tatu-tatu na shahada nne-nne, vyote vikianza kwenye karanga ya kwanza: vitakutana hapo tu, kisha vitaachana hadi karanga ziishe. Ukiandika kwa mezire ya mapigo manne umeipa haki gumba, na ukiandika ya mapigo matatu umeipa haki shahada. Karatasi inakulazimisha uwe hakimu katika kesi ambayo wahusika hawakuifungua.

Watunzi wakubwa wa muziki huu wa klasiki wa leo wamelikuta fundo hilo. György Ligeti, Mhungaria, aliandika etidi 18 za piano kati ya 1985 na 2001 baada ya kusikia, pamoja na mambo mengine, rekodi za tarumbeta na ngoma za Afrika ya Kati zilizokusanywa na mtafiti wa muziki Simha Arom. Katika ile ya kwanza mkono wa kulia unapiga funguo nyeupe tu, wa kushoto nyeusi tu, na mikazo yao inaanza pamoja kisha inaachana polepole, mpaka mistari ya mezire inabaki kama ua lililobomoka: ipo, lakini haizuii kitu. Mghana Kwabena Nketia naye alichapisha mwaka 1994 vipande 12 vya piano vya kufundishia vilivyotoka ndani ya midundo ya kwao. Kote humo ni piano. Gitaa, chombo ambacho Katanga ilikitawala tangu zamani, limesubiri.

Nilirudi kwenye karatasi yangu. Suluhisho lilikuwa dogo kiasi cha kuudhi: niliisogeza mistari ya wima nusu pigo. Sikubadili noti wala kidole. Kilichokuwa kwenye pigo kikahamia kati ya mapigo, na cha kati kikahamia kwenye pigo. Mashine ikipiga matoleo hayo mawili huwezi kuyatofautisha. Mtu akiyapiga, tofauti inaonekana mabegani kabla haijasikika. Kijana alisoma toleo la pili akacheka, "Hapa njo naelewa."

Kuna mambo mengine yaliyobaki ambayo si ya falsafa. Etidi za klasiki zinadhani una nyuzi za nailoni, wakati magitaa mengi mjini ni ya nyuzi za chuma, zinazokula kucha na kulia muda mrefu baada ya kidole kuondoka, kwa hiyo besi yangu ilikuwa inakanyagana yenyewe. Nikaongeza vituo, mahali pa gumba kurudi na kuzima uzi. Tena mwezi wa sita na wa saba hewa ya Lubumbashi ni kavu mno, mbao zinajikunja, freti zinachoma mkono pembeni. Mtunzi anayeandika akodi ya kunyoosha vidole hadi mwisho aikumbuke mikono hiyo iliyochanika.

Halafu kuna mezire ya tisa ya etidi yangu, ambayo hadi wiki iliyopita ilikuwa inanishinda. Pale muziki unahamia akodi ya fa. Klasiki inakwambia ulaze shahada ya kushoto juu ya nyuzi zote sita kwenye freti ya 1, na vidole vitatu vilivyobaki vishike sehemu nyingine za akodi. Hakibaki hata kimoja cha kuimba. Melodi yangu ilikuwa inataka re kwenye uzi wa pili freti ya 3, na hapakuwa na wa kuifuata. Nilifikiri kubadili melodi. Kijana hakufikiri kitu. Alizungusha gumba la kushoto juu ya shingo ya gitaa kama wajomba wake, akalibana uzi wa sita kwenye freti ya 1, shahada ikalala juu ya nyuzi mbili nyembamba tu, na kidole cha mwisho kikawa huru kwenda kuchukua re yake.

Walimu wa klasiki wanalikataza gumba hilo: mahali pake, wanasema, ni nyuma ya shingo. Ndiyo maana vidole vya kushoto vina namba kuanzia 1 hadi 4 na gumba halikupewa yoyote. Nikachukua penseli, chini ya ile fa nikaandika g ndogo.